KISU CHAKO NI CHA CHUMA GANI?

Msomaji, kama unakaa karibu na Ziwa Victoria, hapana shaka nyumbani mwako mna vyombo vitatu vyenye makali: panga la shamba, kisu cha jikoni na kisu cha samaki. Vyote vilipokuwa vipya viling'aa, na muuzaji alivisifu vyote kuwa ni chuma imara. Vitazame leo. Pengine panga lina mapengo kama kinywa cha mzee, kisu cha jikoni chaponda nyanya badala ya kuikata, na kile cha samaki kina madoa mekundu ya kutu karibu na mpini.

Watu wengi hudhani ya kuwa chuma kikiharibika ni kwa sababu kilikuwa cha bei rahisi. Si hivyo sikuzote. Mara nyingi chuma chenyewe ni kizuri, ila kimepewa kazi isiyo yake. Hapo ndipo fedha ya mkulima na ya mvuvi hupotea, tena hupotea pole pole bila mwenyewe kuona: panga linalonunuliwa kila mwaka badala ya kila miaka mitano, nusu siku ya kibarua inayokwisha kwa kunoa, mnofu wa mbuta uliochanika ambao mnunuzi anaushusha bei. Na zaidi ya fedha, iko hatari ya mikono. Kisu butu chataka nguvu, na kisu kinachosukumwa kwa nguvu huteleza.

MAMBO MATATU

Katika chombo cha kukatia twataka mambo matatu. Kwanza, kisivunjike kikipiga kitu kigumu au kikipindwa. Pili, kishike makali kwa muda mrefu. Tatu, kisishike kutu. Ungependa kuyapata yote katika kisu kimoja, lakini chuma hakikubali hivyo. Ukiongeza jambo moja wapunguza jingine, na inafaa ujue sababu yake, maana ukiijua hutadanganywa tena sokoni.

Chuma cha pua ni chuma cha kawaida kilichochanganywa na kaboni, yaani kitu kile kile kilichomo katika makaa. Kaboni hiyo ni kidogo sana. Nondo za kujengea na vyuma vya madirisha huwa na kaboni isiyozidi robo ya asilimia moja au karibu na hapo, na chuma cha namna hiyo hakiwezi kufanywa kigumu hata ukikitia motoni na majini mara kumi. Springi ya gari huwa na kaboni kama asilimia 0.6. Tupa ya kunolea hupita asilimia 1. Tofauti hii yaonekana kuwa si kitu, lakini ndiyo inayotenga chuma kinachokunjika, chuma kinachorudi kama upinde, na chuma kinachovunjika kama chupa.

Kaboni ikiwa nyingi, sehemu yake hujikusanya ndani ya chuma na kufanya vipunje vigumu mno. Fikiri kokoto ndani ya saruji. Kokoto huzuia makali yasilike upesi, na kwa hiyo kisu hukaa kikali. Lakini ufa nao hupenda kuanzia penye kokoto. Ndiyo sababu chuma kinachoshika makali sana huwa chepesi kumeguka.

Sasa kuhusu kutu. Kuna madini yanayoitwa kromi. Chuma kikiwa na kromi kiasi cha asilimia 11 au zaidi, hujifunika utando mwembamba ambao macho hayauoni, na ukikwaruzwa hujitengeneza tena kwa hewa tu. Mwaka 1913 Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza, alitengeneza chuma chenye kromi karibu asilimia 13. Hakuwa akitafuta kisu. Alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Mafundi wa visu wa mji huo ndio waliokigeuza kuwa visu vya mezani, na leo chuma cha jamii hiyo ndicho kiitwacho stenlesi katika kila duka la Kisumu.

Hata hivyo kromi na kaboni hupendana. Zikikutana ndani ya chuma hushikamana na kufanya vile vipunje vigumu, na kromi iliyofungwa humo haiwezi tena kulinda chuma na kutu. Kwa hiyo mwenye kiwanda anayetaka stenlesi ya bei nafuu hupunguza kaboni. Matokeo yake unayajua: kisu kinang'aa mwaka mzima, lakini baada ya wiki moja hakikati. Wako wanaotumia njia nyingine, kutia kromi asilimia 17 na kaboni asilimia 1, na hicho ndicho chuma cha visu vilivyoandikwa 440C. Hushika makali vizuri na hakishiki kutu kwa urahisi, ila usikipasulie mifupa, maana makali yatameguka. Mafundi wa ng'ambo bado wanaendelea kutafuta. Mwaka 2021 Mmarekani Larrin Thomas alitoa chuma kiitwacho MagnaCut, ambacho mchanganyiko wake umepangwa ili kromi isikamatwe na kaboni hata kidogo. Ni kazi ya akili kubwa, lakini visu vyake ni vya bei ya juu, na usitazamie kuvikuta Kibuye.

SPRINGI ZA MALORI

Kazi ya chuma si ngeni upande huu wa ziwa. Kabla ya reli kufika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, wahunzi wa Samia waliyeyusha mawe ya chuma ya vilima vyao kwa makaa na mivukuto. Majembe yao yaliuzwa mbali, hata yakatolewa kuwa mahari. Baadaye vyombo vya viwanda vya ng'ambo vikaingia kwa wingi na zile tanuru zikazimika. Lakini uhunzi wenyewe haukufa. Ukienda leo soko la Kibuye utasikia nyundo za mafundi wa jua kali kabla hujawaona, na chuma kingi wanachokifua kwa mapanga, mashoka na visu ni springi za magari yaliyochakaa.

Springi ni chaguo la busara. Ilitengenezwa ipindwe mara maelfu chini ya mzigo bila kuvunjika, na tabia hiyo ndiyo inayotakiwa katika panga. Fikiri kazi ya mkata miwa wa Muhoroni, Chemelil au Kibos. Muwa hukatwa chini kabisa karibu na udongo, kwa sababu utamu mwingi uko sehemu ya chini, na penye udongo pana mawe. Panga la chuma kigumu kama tupa lingepasuka siku hiyo hiyo, tena kipande kingeruka kwenye mguu wa mtu. La springi hukunja makali kidogo tu, nawe wayarudisha kwa tupa wakati wa kupumzika.

Lakini si kila panga la springi ni zuri. Springi iliyovunjikia barabarani mara nyingi huwa na nyufa nyingine ndogo zisizoonekana. Kabla fundi hajaikata, mwambie aining'inize na kuigonga kwa nyundo. Ikilia kama kengele, vema. Ikitoa sauti nzito kama debe lililotoboka, achague nyingine.

Jambo kubwa zaidi ni moto. Watu husimama kumtazama mhunzi anavyopiga nyundo wakidhani huo ndio ufundi wenyewe. Kufua hukipa kisu umbo tu. Uzima wa kisu hupatikana baadaye, katika kukitia moto mara mbili, na inafaa uelewe vizuri jambo hili kwa sababu hapa ndipo mapanga mengi huharibika.

Mara ya kwanza panga hutiwa motoni mpaka liwe jekundu la kung'aa. Wengi hukisia kwa macho, na juani macho hudanganya. Mhunzi mwangalifu hutumia sumaku iliyofungwa kwenye waya. Chuma cha pua kikifika karibu digrii 770 sumaku haikishiki tena. Hapo huongeza moto kidogo, kisha hulizamisha panga katika mafuta. Mafuta, si maji. Maji hupoza springi upesi mno, nayo hupasuka. Mara nyingine utasikia mlio mdogo kama kijiti kikavu kikivunjika, na kazi ya asubuhi nzima imekwisha.

Panga likitoka katika mafuta ni gumu kabisa. Tupa huteleza juu yake. Mnunuzi asiyejua hufurahi sana kuona hivyo, na fundi mwenye haraka huliuza vivyo hivyo. Kumbe wakati huo panga ni kama kioo. Likiangukia jiwe laweza kukatika vipande viwili. Yapasa lirudishwe motoni mara ya pili, moto wa taratibu, baada ya kusuguliwa mahali pamoja mpaka chuma kionekane cheupe. Pale palipo peupe rangi zitaanza kutembea. Kwanza njano ya nyasi kavu, karibu digrii 220. Halafu kahawia, kama 250. Halafu zambarau, kisha buluu karibu na 300. Kila rangi inayofuata ina maana ya kuwa ugumu umepungua kidogo na hatari ya kuvunjika nayo imepungua. Kisu cha jikoni kisimamishwe kwenye njano au mwanzo wa kahawia. Makali ya panga yafike kahawia iliyoiva au zambarau, na mgongo wake uachwe ufike buluu.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya fundi usimwulize kwanza bei. Mwulize kwa adabu, "Mzee, hili umelirudisha motoni baada ya kulizamisha?" Anayeifanya kazi hiyo hupenda kuulizwa, na pengine atakuonyesha ile rangi kabla hajaisugua. Akikasirika, endelea na safari yako.

Utakuta pia visu vilivyofuliwa kwa tupa kuukuu na kwa beringi za magari. Hivi vina kaboni kama asilimia 1, na hushika makali kupita springi. Vinafaa kwa kuchuna ngozi na kukata nyama isiyo na mfupa. Usikubali panga la tupa hata likipunguzwa bei. Tena, kama wewe mwenyewe ni fundi, kumbuka kutotia motoni chuma kilichopakwa zinki, kama bomba za maji au vipande vya mabati. Moshi wake ni sumu na huleta homa kali.

KISU CHA SAMAKI

Maji ya ziwa letu ni baridi, hayana chumvi kama ya bahari. Kisu cha springi ambacho kikisahauliwa ufukweni Mombasa kitakuwa chekundu asubuhi, hapa Dunga chaweza kuvumilia zaidi. Kutu ya visu vyetu hutoka hasa katika mambo mengine: damu na utelezi wa samaki, chumvi ya kukaushia, ndimu, maji ya muwa, na ile desturi ya kuacha kisu ndani ya beseni usiku kucha.

Hata hivyo kwa samaki twakushauri stenlesi, ijapokuwa makali yake hayadumu sana. Kutu huchimba vishimo, na ndani ya vishimo utelezi hukaa usiweze kuoshwa, ukazaa vijidudu. Tena chuma chenye kutu huacha alama nyeusi juu ya mnofu mweupe, na mnunuzi huiona. Watu wa ziwa hawana haja ya kuambiwa usafi una thamani gani. Kati ya mwaka 1997 na 2000 nchi za Umoja wa Ulaya zilizuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, kwa hofu ya vijidudu, kipindupindu na dawa za sumu, na wavuvi waliokuwa wakiuzia viwanda waliumia. Si visu vilivyoleta mambo yale, lakini tangu hapo kila kinachomgusa samaki hutazamwa.

Iko sababu nyingine. Nyama ya samaki ni laini na haili makali. Kinachoyaondoa ni magamba, mifupa na jiwe au bati unalokatia. Kwa hiyo udhaifu wa stenlesi hauonekani sana katika kazi hii, mradi ukatie juu ya ubao au plastiki na mkononi uwe na fimbo ya chuma ya kunyoshea makali. Ndiyo desturi ya wakata minofu: pande mbili za kisu juu ya fimbo, mara chache, kisha kazi inaendelea.

Chagua kisu chembamba kinachopindika, kiufuate uti wa mgongo wa mbuta. Kisu kinene au butu huacha nyama nyingi mifupani. (Akina mama wa Obunga wanaokaanga mgongo wazi huenda wakapenda visu vya viwandani viwe butu daima, lakini huo ni upande wao wa biashara.) Kichwa na mifupa mikubwa usivikate kwa kisu hicho. Weka panga dogo la springi kwa kazi hiyo, nalo ulioshe na kulikausha papo hapo.

Wala usidhani stenlesi haipati kutu kamwe. Ikiachwa katika maji ya chumvi, au katika dawa ya klorini ya kusafishia, hutoboka vitundu vidogo. Maana ya jina hilo ni kwamba yachelewa kushika kutu. Ioshe kwa maji safi mara umalizapo.

KUJARIBU CHUMA SOKONI

Nenda na sumaku ndogo mfukoni. Wengi husema ya kuwa stenlesi halisi haishikwi na sumaku, na muuzaji hujivunia hivyo. Kwa kisu ni kinyume chake. Stenlesi inayoweza kufanywa ngumu hushikwa na sumaku. Ile isiyoshikwa kwa kawaida ni ya vijiko na sufuria, yenye kromi na nikeli, ambayo moto hauwezi kuifanya ngumu. Ukikuta kisu cha namna hiyo, jua ya kuwa unanunua kijiko bapa.

Kisha jaribu kwa tupa pembeni mwa makali, ukiomba ruhusa. Ikiuma kwa urahisi kama inavyouma msumari, chuma ni laini. Ikiteleza kabisa juu ya panga, panga ni gumu mno. Yataka iume kidogo kwa taabu. Panga lipinde pole pole juu ya gogo. Lirudi likiwa limenyooka. Na kama fundi ana jiwe la umeme, tazama cheche. Chuma cha nondo hutoa mistari mirefu isiyo na matawi mengi. Chuma chenye kaboni hutoa cheche zinazopasuka kama maua, na kadiri kaboni ilivyo nyingi ndivyo maua yanavyozidi.

KUNOA NA KUTUNZA

Panga zuri la miaka mitano laweza kuharibiwa kwa dakika moja juu ya jiwe la umeme. Unakumbuka zile rangi za moto? Ukiona makali yamegeuka buluu wakati wa kunoa, ugumu wake umekwisha kuondoka, na kung'arisha juu hakuurudishi. Yafaa mnoaji achovye chombo majini kila mara, kabla hakijachoma kidole. Mnoaji wa baiskeli hana hatari hiyo sana, kwa kuwa miguu yake huchoka mapema. Vivyo hivyo usichokonoe moto kwa panga, wala usichome panga zima ili kuutoa mpini uliovunjika.

Nyumbani, panga linolewe kwa tupa, kisu kwa jiwe lenye maji. Kupata mwinamo wa kisu, twaa karatasi yenye pembe ya mraba, ikunje pembe hiyo katikati, kisha ikunje tena. Pembe iliyobaki ni kama digrii 22, na huo ndio mlalo wa kisu juu ya jiwe kila upande. Panga liinue kidogo zaidi, maana makali membamba hayawezi kuvumilia kisiki.

Baada ya kazi osha, futa, kausha. Visu vya chakula vipakwe mafuta ya kupikia kidogo mno, kwa maana yakizidi huganda na kunata. Mapanga yasiyogusa chakula yaweza kupakwa oili chafu ya gari. Kisu cha kaboni kikitumika vizuri hupata rangi ya kijivu au buluu iliyofifia. Hiyo si kutu. Iache, maana hupunguza kutu nyekundu. Kutu nyekundu isugue kwa jivu na maji mpaka itoke.

Mwisho tazama mpini. Maji huingia kati ya mti na chuma, na kutu huanza pale usipopaona, mpaka siku moja kisu kinakatikia mkononi. Kisu cha samaki kiwe na mpini wa plastiki usio na ufa. Cha shamba kikiwa na mti uliolegea, toa ribiti, kausha kila kitu juani, paka mafuta shina la chuma, kisha funga mpini upya.